Sabufa Iliyopigwa na Radi

Watu wa kwetu waliopatwa na mvua ile kubwa wana mambo ya kusimulia. Yuko aliyepoteza ng'ombe. Yuko aliyeamka akakuta kitanda kinaelea. Kule upande wa Awendo kuna miwa iliyong'oka na kwenda kuishi kwa jirani, na mpaka leo wanaulizana ni ya nani. Mimi nilipoteza sabufa. Nikiketi na waathiriwa wenzangu na zamu yangu ikikaribia, huwa nasimama nikasema nimebanwa na haja ndogo.

Lakini sabufa ile haikuwa ya kudharauliwa, hata na mtu kama mimi ambaye hudharau karibu kila kitu bila kuinuka kitini. Kimo chake kilikuwa cha mbuzi aliyekomaa. Spika zake mbili ndogo zilisimama kando yake kama mashemeji waliokuja kudai ng'ombe wa mahari, na juu yake Mama alitandika kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho kila nyumba ya kwetu hutandika juu ya chochote kinachokula stima, ili stima ijue imeingia kwa watu wenye adabu.

Haikununuliwa kwa ajili ya muziki. Masikio ya Mama yalikuwa yamechoka, na kuna kipindi kimoja tu duniani alichokijali: matangazo ya vifo. Kila jioni, kwenye redio ya Dholuo, mtu mwenye sauti tulivu kama chai iliyopoa husoma fulani amefariki, mume wa fulani na fulani, baba wa fulani anayefanya kazi mjini, na mwili utatoka mochari siku fulani. Mimi nilikuwa naunganisha redio kwenye sabufa na kuzungusha kifundo hadi kigome. Mabati yalitetemeka. Kuku walitoka chini ya kitanda. Majirani hadi ng'ambo ya kijito waliacha kununua betri za redio zao, kwa nini wajisumbue, na nikichelewa dakika chache waliniletea malalamiko kesho yake, kana kwamba wananilipa.

"Jana ulifungua ukiwa umechelewa," mmoja aliniambia. "Tumekosa wafu wa mwanzo."

Huo ndio uliokuwa wadhifa wangu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata gredi ambayo siitaji mbele ya watoto, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na bado napumzika. Naishi kwenye simba, ile nyumba ndogo ambayo kijana Mjaluo hujengewa kwenye boma la baba yake akae mpaka aoe na kutoka. Kijana ameanza kuota mvi humo humo. Mama mkubwa, yaani dada yake Mama aliyeolewa Homa Bay, kila akija husimama mlangoni pa simba yangu na kubisha hodi kwa heshima zote, "Jaduong', bado uko?" Jaduong' ni mzee, mtu wa kuheshimiwa. Ananiita hivyo ili watu wacheke, na wanacheka.

Sasa, mgeni atauliza: kama Mama alitaka kujua nani amekufa, si kuna simu? Mgeni huyo hajui sisi. Kwetu mtu hapigiwi simu akaambiwa amefiwa. Ni ukatili. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, afadhali aje. Baba alipofia kisiwani Remba, alikokuwa akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, simu ilisema ana homa na anauliza habari zetu. Mama alipika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akasafiri nao mpaka ufukweni, akakuta watu wamekwisha kunyoa vichwa. Uji ule aliumwaga ziwani, na tangu siku hiyo simu kwake ni mdomo wa mwongo. Alijitungia tafsiri yake. Simu ikisema mtu hajambo, basi ni mgonjwa. Ikisema ni mgonjwa kidogo, amekufa. Ikisema amezidiwa, amekwisha kuzikwa na mashamba yanagawanywa. Redio peke yake ndiyo haioni haya. Redio haijui wewe ni dada ya nani, kwa hiyo inasema ukweli.

Basi mvua ikiwa imepamba moto, mtoto wa Mama mkubwa akanipigia simu kutoka Homa Bay. Mama yake amelazwa, presha imempanda, na mguu umevimba. "Lakini mwambie Mama asiwe na wasiwasi," akasema. "Anaendelea vizuri kabisa."

Huyo mtu ana digrii. Lakini hata yeye, mtoto wa nyumba ile, hakukumbuka asimwambie nini mama yangu. Mimi nami, kwa uvivu wa kufikiri, nikaingia nyumbani nikayapeleka maneno yalivyo, mabichi, pamoja na hilo "kabisa".

Mama aliweka chini ungo wa mtama. "Fungua redio," akasema.

Nilikuwa njiani kwenda kuifungua radi ilipopiga. Sitaieleza sana. Waliowahi kupigwa na radi ya pande za Migori hawahitaji maelezo, na wengine hawataamini. Stima nilikuwa nimechomoa ukutani, mimi si mjinga kiasi hicho. Ila waya wa antena ulikuwa umefungwa juu ya mkalitusi, mti mrefu kuliko yote bomani, na mhandisi aliyepanda kuufunga, akashuka akijisifu, alikuwa ni huyu anayeandika. Radi ilishuka kwa waya huo kama mtu anayejua njia. Kitambaa cha kufuma kilishika moto kwenye ncha moja. Sabufa ilitoa sauti moja tu, nzito, tamu, ambayo sikuwahi kuisikia ikiitoa katika uhai wake wote, kisha moshi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaona wanadamu walivyo. Kitu kilichopigwa na radi hakiguswi kwetu mpaka kitakaswe kwa manyasi, dawa ya majani inayonyunyizwa na mtu anayejua kuinyunyiza. Sawa, mila ni mila. Lakini jirani yetu, mzee wa kanisa la Sabato, alikuja kutupa pole na akasimama nje ya mlango akihubiri.

"Hizo ni imani za giza," akasema. "Ni umeme tu. Sayansi."

"Basi ingia, mzee, unisaidie kuibeba hadi nje."

Akaangalia miguu yake. "Nimevaa viatu vyenye matope."

Nilikwenda Awendo kwa fundi wa redio, mtu mwenye msalaba shingoni unaotosha kufungia ng'ombe. Sikuibeba sabufa, nilikwenda kumwita tu. Alisikiliza maelezo yangu akitikisa kichwa kitaalamu, fyuzi, transfoma, labda bodi, mpaka nilipotaja radi. Akavuta bisibisi zake karibu na kifua.

"Ilete ikiwa imetakaswa."

"Si una msalaba hapo?"

"Msalaba ni wa mambo ya kanisa," akasema. "Hii ni polo." Yaani mbingu yenyewe. Na bibi wa manyasi? Alikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja lililo kati yetu na njia ya kwenda Homa Bay lilikuwa limebebwa na maji. Hata utakaso ulikosa barabara.

Nikaenda Migori mjini kutafuta mpya. Kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ya kuhiji. Nikaingia duka linalouza redio, runinga na mashine za kusaga karanga, nikaona juu ya rafu katoni nzuri yenye picha ya sabufa.

"Boss, iko sabufa?"

"Iko, lakini haiko," mwenye duka akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Na hiyo hapo juu?"

"Hiyo ni katoni."

"Ndani?"

"Ndani niliuza kabla ya mvua."

"Mbona umebandika bei mpya?"

Sasa akainua macho, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kuanza shule. "Bei imepanda, buda. Daraja limeenda na maji. Lori liko upande ule."

"Bei ya katoni imepanda?"

"Bei ni bei. Ukitaka nikushikie moja, acha kitu hapa. Dereva amesema kesho kutwa."

Nilimwachia namba yangu ya simu tu. Kesho kutwa hiyo sijaiona mpaka leo. Ila nilijifunza biashara siku hiyo. Mvua ikinyesha, kila kitu hupanda bei, hata kile kilichokaa dukani tangu kiangazi kikiwa na vumbi lake la halali. Nyaya zilipanda. Pini za antena zilipanda. Hata majiko yanayogongwa na mafundi wa jua kali palepale nyuma ya duka yalipanda, kana kwamba nayo yalivuka mto kwa kuogelea. Nje ya duka mheshimiwa mmoja alikuwa akipigwa picha akiwa amevaa gambuti mpya, karibu na dimbwi. Dimbwi lilikuwa dogo kwa picha, ikabidi apige magoti kidogo. Niliondoka kabla hajaanza kutoa pole, maana najua pole yake ni ndefu na haina spika.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Kila jioni saa ya matangazo nilikuwa nasikiliza redio ya simu yangu, kisha namwambia Mama: dada yako hajatajwa. Nilijaribu kumwekea simu sikioni. Akasema anasikia nyuki. Haya yote aliyasema kwa Dholuo, na nikiyaweka kwa Kiswahili yanapoteza nusu ya matusi.

"Hajatajwa, Mama. Nimesikiliza wote mpaka mwisho."

"Wewe ni mtoto wangu. Utanificha."

"Sikufichi."

"Baba yako alikuwa na homa na anauliza habari zetu," akasema. "Nani aliniambia?"

Ni mimi niliyemwambia. Nilikuwa kijana, nilipewa simu na wakubwa, nikasema nilichoambiwa niseme.

Akaacha dawa zake za presha mezani. Ugali aliupigapiga kwa kidole akaurudisha. Kisha akatoa sandukuni lile gauni jeusi la matanga, akalianika uani kwenye kipindi kidogo cha jua, na akasema akiwa amenipa mgongo: "Kesho kutwa navuka. Kama redio haiwezi kuniambia, nitakwenda nione kaburi mwenyewe."

Kuvuka maana yake ni mto. Palipokuwa na daraja palikuwa na vijana waliobeba watu mgongoni ndani ya maji ya kifua, na siku moja kabla walikuwa wamemwangusha mwalimu na mkoba wake, mwalimu akapatikana, mkoba bado. Mama yangu ana uzito wa mwanamke aliyelea vizuri. Na Mama akisema navuka, huvuka.

Hapo nilifanya jambo ambalo si la kawaida yangu: niliharakisha. Sokoni Awendo alikuwa amefika mchuuzi wa kutoka Oyugis, amevusha mzigo wa spika vichwani mwa vijana wa mtoni. Zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, zinameta. Bei yake ilikuwa nzuri, na huo ulipaswa kuwa mwisho wa mazungumzo.

"Hizi hazikuingia maji?" nikauliza.

"Maji gani? Hizi zimeoshwa tu."

"Nani anaosha spika?"

"Mtu msafi," akajibu.

Mtu aliyesoma hadi kidato cha nne, aliyefaulu angalau fizikia ya kuijua sumaku, angeondoka. Mimi nilinunua. Zilikuwa spika za duka lililofurika, zimeanikwa juani kama omena, na harufu ilinifuata njia nzima hata mbwa wawili wakanisindikiza. Nikaunganisha na kiredio cha jirani, yule jirani wa wafu wa mwanzo, aliyenikopesha huku akisema anaifanyia jamii. Nilipofungua, kwanza maji yalitoka. Kisha ilitoka sauti. Msomaji wa matangazo, yule mtu mtulivu, sasa alikuwa fahali aliyekwama kwenye tope. Aliguna. Alinyamaza. Aliguna tena kwa huzuni kubwa.

Mama alikuja akaketi chini, akalaza sikio kwenye spika kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Alisikiliza kipindi kizima. Shavu lake lilipoinuka lilikuwa na alama ya wavu wa spika.

"Nani amekufa?"

"Sijui, Mama. Haisikiki."

"Unaona," akasema taratibu. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angegomba. "Hata hii imeanza kunificha."

Nikatoka nje nikampigia ndugu yangu wa Homa Bay. Nilikuwa na hasira na nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza ujinga: Mama yangu anataka kuvuka mto, mpe mama yako simu aongee naye. Akasema mama yake amelala wodini na yeye yuko nyumbani anachota maji ya ziwa kutoka sebuleni, maana ziwa lilikuwa limepanda na kuingia bila hodi, na redio yao ilikuwa ya kwanza kunywa. "Nimpelekee salamu gani?" akauliza. Nikamwambia: "Mwambie mama yako kwamba Mama yuko sawa sawa. Hana tatizo lolote. Yuko vizuri kabisa, na kama kuna mtu atakayemwambia vingine asimsikilize."

Naomba msomaji asome tena maneno hayo. Mimi sikuyasoma. Hawa ni dada wawili waliozaliwa nyumba moja, walionyonya titi moja, na wote wawili waliwahi kubeba uji kwenda kwa maiti. Nami, mwenye akili zangu, nikamtumia mmoja wao ujumbe wenye "kabisa" na "lolote" ndani yake.

Siku ya kuvuka, Mama aliamka, akaoga, akavaa gauni jeusi. Mimi nilikuwa mlangoni nikijifanya natafuta viatu vyangu ili tuchelewe, kazi ninayoiweza. Ndipo tukasikia nduru kutoka barabarani. Kwetu mwanamke akija msibani haji kimya. Huanza kulia mbali, anakimbia, mikono kichwani, akimtaja marehemu na mema yake. Nduru ile ilikuwa inapanda njia ya kwetu, na mema yaliyotajwa yalikuwa ya mama yangu. Mpika samaki asiyenyima. Aliyenibeba mgongoni nikiumwa surua. Umeniacha na nani, nyaminwa. Nyaminwa ni dada yangu.

Mama mkubwa aliingia langoni akiwa amelowa hadi kwapani, mguu mmoja umevimba ndani ya patipati ya mwanamume, na plasta ya sindano ya hospitali ingali mkononi. Alikuwa ametoroka wodi. Alikimbia, kama mguu ule unavyoweza kuitwa kukimbia, moja kwa moja kuelekea mlangoni, na mlangoni akamkuta marehemu amevaa nguo za matanga.

Nduru ilikatika katikati ya neno.

Walitazamana. Kuku mmoja alipita kati yao akaona hapafai akarudi.

"Walisema hujambo," Mama mkubwa akasema.

"Hata mimi. Walisema unaendelea vizuri kabisa."

"Mimi waliniambia huna tatizo lolote." Akashika kifua. "Nikajua hata kaburi limekwisha kuota majani."

Mama akaanza kutetemeka mabega, nami nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Mama mkubwa naye akacheka, akashindwa kusimama, akatafuta pa kukaa, akaingia ndani na kuketi juu ya kitu kilichokuwa karibu. Kilikuwa sabufa. Ile ya radi. Haijatakaswa. Nilifungua mdomo kumwonya.

"Funga mdomo, Jaduong'," akasema, akiinua mguu wake mbaya juu ya spika ya Oyugis. "Nimevuka ule mto nikiwa mgongoni mwa mvuta bangi. Radi inifanye nini?"

"Nani alipiga hiyo simu ya lolote?" Mama akauliza.

Wakanigeukia wote wawili. Nilitazama mkalitusi.

Alikaa kwetu mpaka barabara ikarudi. Dawa za presha ziliwekwa kwenye sahani moja, wakawa wanazimeza pamoja, kila mmoja akimkagua mwenzake mdomo kama ng'ombe wa mnada. Jioni saa ya matangazo ilipofika, kwa mazoea, waliketi sebuleni mbele ya sabufa iliyokufa na kuniambia nisikilize simu niwasomee. Nilisoma. Hawakuniamini hata mmoja. Nikisema fulani amekufa, Mama mkubwa alisema huyo alimwona hospitalini anakula ndizi. Nikisema hakuna tunayemjua, walitazamana na kuguna, kisha wakaanza kuorodhesha wenyewe, kwa kubahatisha tu, nani kwa umri wake na tabia zake anastahili kuwa amekufa. Ilikuwa burudani kuliko redio. Majirani walianza tena kuja, hata mzee wa Sabato, ambaye sasa viatu vyake vilikuwa safi.

Daraja liliporudishwa, mwenye duka wa Migori alinipigia simu. Nilikuwa nimelala kwenye simba, nikamsikiliza, nikaenda kumpa Mama habari. Alikuwa uani akimsuka dada yake nywele.

"Anasema sabufa zimefika. Nyingi. Nzuri kabisa."

Mikono ya Mama haikusimama.

"Kama anasema hivyo," akasema, "basi hazipo. Kalale."

Nikaenda kulala.